Ngoja Taa Izime

Mafundi wa magari wana ugonjwa mmoja: mpelekee fundi gari lina kikohozi, yeye atakuambia lina saratani. Wiki jana pikapu yangu ilichemka huko juu Timboroa ikiwa na viazi, ikavutwa kwa kamba mpaka Eldoret kwa Wamalwa, na kabla sijapata hata pa kuketi alikuwa ameshafungua hedi, kile kifuniko cha injini, ananionyesha pistoni zilizokwaruzika, anaanza hadithi. Ati injini hii ni ya zamani, nozeli zake za kupulizia mafuta siku hizi ni za kutafuta na tochi. Ati maadamu tumeshaifungua, kwa nini tutengeneze tu? Tuweke ile mpya ya kompyuta, nguvu mara dufu, mlima wa Timboroa tutaupanda tukiimba. Tena hiyo mpya, akasema, haina mambo ya kungojangoja asubuhi. Unapindua ufunguo, inaitika hapo hapo.

Warigia, binti wa rafiki yangu, alikuwa kando yangu. Yeye ndiye huendesha siku hizi, juzi tu amepata leseni, na mimi magoti yamekataa. Aliposikia nguvu mara dufu macho yakamtoka. Akasema si tufanye yote mara moja, Anti, tumalizane na hii kelele. Nikamwambia Wamalwa atoe mikono yake kwenye injini yangu mpaka nimwambie. Nilisema vibaya, najua. Gereji nzima iligeuka kutuangalia, na Warigia akaona haya kwa niaba yangu.

Hakuwa na makosa. Alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni wakati injini hii ilipowekwa, na mama yake na mimi tulikuwa tumekubaliana kwamba hatutamwambia. Lakini sasa ananiuliza mbona nang'ang'ania chuma kikuukuu, na nitamjibu nini? Nikampigia mama yake, Njambi, simu, akaja na bodaboda, na msichana tukamketisha juu ya tairi kuukuu nyuma ya gereji, tukamwambia. Njambi hakusema mengi. Mimi ndiye mwenye mdomo.

Pikapu hii, nikamwambia, ilikuwa ya petroli. Nilikuwa nikibebea omena, dagaa wetu, kutoka ziwani kuja soko la Eldoret, na mama yako alikuwa akiuza viazi meza ya pili kutoka kwangu, kwa hiyo siku za omena ni zangu, siku za viazi ni zake, na gari halipumziki. Desemba ya uchaguzi, elfu mbili na saba, likanifia kwenye mlima, upande wa Kapsabet. Nikalipeleka kwa Joash Kirwa, fundi wa hapo mtaani kwetu Langas.

Joash alikuwa mtu wa Soy, mwenyeji wa huku, mrefu, mkavu, na adabu hakuwa nayo hata ya kuazima. Mteja anakuja na gari lake analolipenda, Joash anamwambia mbele ya watu kwamba analiua. Mchungaji mmoja aliambiwa gari lake linanuka uzembe. Lakini wateja walirudi, kwa sababu akisema beringi imekufa, imekufa, na akisema ni nati tu imelegea, anaikaza na kukufukuza uende.

Basi alifungua injini yangu, akanipa njia mbili. Ya kwanza, aifanyie ovaholi, aifumue na kuiunda upya, ibaki petroli vilevile, na kabla ya Pasaka itanifia tena mlimani kwa sababu naipakia kama lori. Ya pili, maadamu imeshafunguliwa, aing'oe kabisa, aweke ya dizeli yenye tabo ya kuongeza nguvu, ambayo mlima kwake ni uwanja wa mpira. Mimi nikamwambia ni mwizi. Nikamwambia nimeleta gari litengenezwe, sikuleta lifundishwe kukimbia, na kwamba spana ya kwanza ya fundi yeyote ni uongo. Akatupa spana kwenye boksi, akaniambia nilivute nilipeleke kwa fundi anayenipenda. Tulipiga kelele mpaka watu wa kinyozi wakatoka na povu shingoni.

Ni Njambi aliyekata shauri lile. Alikuja na wewe mgongoni, akasikiliza, akacheka. "Mama Omena," akaniambia, "maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Gari liko uchi tayari. Oga."

Nikakubali, lakini nimenuna. Siku ya kulichukua, Joash akaniketisha kwenye usukani kunifundisha. Kwenye dashibodi kuna kataa kadogo ka manjano. Unapindua ufunguo nusu, taa inawaka, hita zinapasha injini moto. Lazima ungoje. Ikizima, ndipo unapindua wote. Asubuhi za Eldoret, na baridi yetu hii, inaweza kuchukua muda wake. Nikamuuliza ni gari gani hilo la kuombwa ruhusa. Akaniambia, na hii nakumbuka alivyosema akinyoosha kidole, "Ngoja taa izime. Ukiilazimisha itakataa, na ukirudia utamaliza betri. Utabaki hapo hapo na haraka zako."

Kitu kimoja tu nilimshinda. Kwenye kifuniko cha tangi mwenye gari wa kwanza alikuwa amepaka neno PETROLI kwa rangi nyekundu, herufi kubwa. Joash alitaka kulifuta aandike dizeli. Nikamwambia ameshagusa vya kutosha, rangi ya gari langu aiache. Akaenda zake akitukana kwa Kinandi.

Halafu tukapiga kura.

Wewe umesoma shuleni kwamba kulikuwa na machafuko. Hilo neno machafuko ni la watu waliokuwa mbali. Jumapili jioni matokeo yalitangazwa, na kabla redio haijamaliza kusema, mabati yalikuwa yanapasuka kwa moto ng'ambo ya barabara. Mabati yakishika moto hupiga kama bunduki. Usiku kucha tulisikia hayo, na mbwa, na watu. Mume wangu Javan alikuwa amekwenda kwao ziwani kupiga kura, barabara zimefungwa, simu haishiki. Nilikuwa peke yangu. Nilikuwa naogopa, na siwezi kukudanganya kwamba nilikuwa shujaa.

Jina langu siku hiyo halikuwa na shida upande huu. Mimi ni Emmaculate Amondi, mtu wa ziwa, nikisema jina wananipisha. Upande mwingine wa nchi jina hilo hilo lingeniua, na lako liliua watu hapa. Majirani wote wenye majina kama ya mama yako, watu wa kabila la rais, walikuwa wamekimbia Jumamosi na magodoro kichwani. Njambi akakataa. Alisema watu wa Langas amewauzia viazi, wengine amewakopesha, wanajua mtoto wake ana pumu, watamuua kwa nini? Nilimtukana. Nilimwambia kichwa chake ni kiazi. Hakwenda.

Jumatatu kulipopambazuka wakaingia plotini kwetu, ule ua wa nyumba za kupanga tulimokaa sote. Kwanza tulisikia filimbi, halafu kelele zile za vitani, halafu geti likalala chini. Nilikuwa na nafasi ya kufanya jambo moja tu. Nilikuwa na stoo ya mbao mbele ya nyumba, ya magunia ya omena. Nikamsukuma Njambi ndani na wewe kifuani mwake, nikawafunika na magunia, nikapiga kufuli. Nikaweka ufunguo ndani ya sidiria, pamoja na ule wa gari. Ulikuwa unapumua kwa kelele, ile pumu yako, na mama yako alikuwa amekuziba kwa titi.

Walikuwa wengi, nyuso zimepakwa udongo mweupe, wengine na mishale, wengine na panga za shambani. Mkubwa wao alivaa koti la mvua la kijani. Hakuwa mtu wa mtaa wetu. Nyumba ya Njambi wakaiingia, wakatoa televisheni, wakatoa sufuria, wakatoa hata mapazia. Kisha wakamimina petroli yao yote na kuiwasha. Mzee Gachanja wa nyumba ya mwisho, aliyekuwa kiziwi na hakusikia kitu, alitoka na kikombe cha chai mkononi kuuliza kuna nini. Wakamkata pale pale mlangoni. Alianguka na kikombe hakikuvunjika. Nilikiona kikibingirika.

Koti la kijani akaja kwangu. Akauliza yuko wapi mwanamke wa viazi. Nikasema alikwenda kwao Timboroa. Akaniangalia, akaiangalia stoo, akauliza kuna nini. Nikasema omena. Akataka ufunguo, nikasema mume wangu anao. Akaniambia basi kama ni omena tu, tuzikaange. Nikacheka, Mungu anisamehe. Nilidhani nikicheka ataona ni kweli. Alinipiga ubapa wa panga sikioni, na sikio hilo mpaka leo halisikii vizuri, ndiyo maana huwa unanifokea kwenye simu.

Lakini petroli yao ilikuwa imeisha, na vituo vyote vya mafuta vilikuwa vimefungwa. Ndipo mmoja akaiona pikapu, na neno lile jekundu kwenye tangi. Wakashangilia. Koti la kijani akaita fundi.

Nikamwona Joash. Walikuwa wamepita kila nyumba ya wenyeji wakitoa wanaume kwa nguvu, asiyetoka anachomewa, na yeye walikuwa wamempa rungu na kumpaka ule udongo. Hakuwa amelishika vizuri hilo rungu. Alikuwa amelishika kama mtu anayemshikia mwenzake. Wakampa mpira wa maji na mtungi, wakamwambia anyonye.

Warigia, mtu hunyonya mafuta kwa mdomo. Yanakuja mpaka kwenye ulimi, unatema, unaingiza mpira kwenye mtungi. Hakuna fundi duniani asiyejua ladha ya petroli na ladha ya dizeli. Na injini ile aliiweka kwa mikono yake mwenyewe, wiki hiyo hiyo ya Krismasi. Joash akapiga magoti, akanyonya, mdomo ukajaa, akatema. Akajipangusa. Akaniangalia mimi, akaiangalia stoo, na nikajua kwamba amejua ni nani yumo ndani. Neno moja lake lingetosha. Wangeambiwa hii siyo petroli, wangekwenda kutafuta kwingine na kurudi, au wangevunja tu mlango.

"Petroli hii," akasema Joash. "Safi kabisa."

Wakajaza mtungi. Kwa moshi uliokuwepo, na harufu ya omena, na pombe waliyokunywa, hakuna aliyesikia harufu nyingine. Wakamimina kwenye mlango wa stoo, kwenye kuta, juu ya paa. Ndani kimya. Nilisikia jinsi ulivyokuwa unapumua, au nilidhani nasikia. Koti la kijani akawasha kiberiti na kukitupa, na watu wakaruka nyuma wakingoja mlipuko.

Kikazimika. Akawasha cha pili, kikazimika. Dizeli iliyomwagwa kwenye mbao baridi asubuhi haikubali kiberiti, inataka kubembelezwa. Wakaanza kuzozana. Mmoja akasema mbao zina maji, mwingine akasema kiberiti kimeloa. Viberiti vikaisha. Koti la kijani akainama, akapitisha kidole kwenye mlango, akakisugua na kidole gumba, akanusa. Akaonja.

Akageuka polepole. Akamuuliza Joash kwa lugha yao, na mimi sikijui Kinandi lakini nilielewa. Joash hakukimbia. Alirudi nyuma hatua chache kuelekea kwenye geti, mbali na stoo, na wote wakamfuata, na nasema wote, kwa sababu msaliti anauma kuliko adui. Panga la kwanza lilimpata begani.

Wakampeleka mpaka getini wakimkata. Mbele ya stoo hapakubaki mtu.

Nikakimbilia kufuli. Nikaangusha ufunguo, nikauokota kwenye dizeli, nikafungua. Nikawatoa, nikawasukuma kwenye sakafu ya pikapu, mbele chini ya dashibodi, nikawatupia gunia. Nikaruka kwenye usukani, nikapindua ufunguo wa gari nusu.

Taa ikawaka.

Wewe hujui baridi ya asubuhi ile. Taa ya manjano imewaka, na mimi nimeshika ufunguo, na kule getini wanamuua. Alikuwa anapiga kelele sasa. Mwanzoni alikuwa kimya, lakini mtu ni nyama, alipiga kelele. Aliita mama yake. Mama yako chini ya gunia akanishika mguu, akasema washa, washa, kwa ajili ya Mungu washa. Na mimi nikajua nikilazimisha itakataa, na wakisikia gari linakataa watageuka. Nikangoja. Nilikaa kwenye kiti kile, mtu aliyetuokoa anakatwa mbele yangu kama ng'ombe, na mimi natazama kataa kadogo kama niko stendi nangoja abiria. Nilimchukia. Nilimchukia Joash kwa injini yake, na nililia, na nilingoja.

Taa ikazima. Yeye alikuwa bado anapiga kelele.

Nikapindua, ikaitika mara moja. Waliposikia wakageuka. Mmoja aliufikia mlango wangu akashika dirisha, na nilikuwa na spana ya magurudumu hapo pajani, nikaipiga ile mikono mpaka nikasikia mfupa. Sikuenda upande. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kundi, labda wamwachie, labda ainuke, akili haikuwepo. Wengine waliruka. Koti la kijani hakuruka. Gari lilipanda juu yake likashuka. Sijawahi kuuliza kama alipona, na usiniulize kama najuta.

Joash alikuwa kando ya geti. Nilimwona kwa dirisha. Hakukuwa na mtu wa kuinua tena.

Walitupiga mawe, kioo cha mbele kikaingia ndani chote, mshale ukachoma bodi nyuma na shimo lake bado lipo, wewe huweka kitambaa mvua ikinyesha. Kwenye barabara ya Kisumu walikuwa wameweka mawe na matairi yanawaka. Pale ndipo nilipojua kazi ya tabo. Nilikanyaga, gari likapanda ukingo wa mtaro na sisi ndani, likatoka ng'ambo. Ile ya petroli ingekufa pale pale. Tulifika kituo cha polisi mjini, na nilipotoka kwenye gari nikaanguka kwenye lami mbele ya askari.

Baadaye mlikaa hemani, kwenye uwanja wa maonyesho, na mimi nikiwaletea maziwa. Huko ndiko alikonikuta Hulda, mke wa Joash. Alikuwa amemzika huko Soy. Watu wachache walikuja, alisema, kwa sababu ilikwisha kusemwa kwamba mume wake aliuza watu wake. Hakuja kunilaumu. Alitaka kitu kimoja: yeye hakuwepo, na mimi nilikuwepo, je, mume wake alisema nini mwisho? Sikuweza kumwambia habari za kelele. Nikamwambia kwamba alinyonya mafuta na kusema petroli hii, safi kabisa.

Hulda akasema, "Joash hajawahi kudanganya mtu juu ya gari." Na hapo ndipo alipolia, na Njambi akalia, na mimi pia.

Basi hiyo ndiyo hadithi niliyomwambia Warigia nyuma ya gereji. Alikuwa ameshika magoti yake, kichwa chini. Njambi alikuwa anafuta mikono kwenye leso ingawa haikuwa na uchafu. Kila asubuhi miaka yote hii nimepindua ufunguo nusu, taa imewaka, na muda ule wote nimemsikia Joash. Javan aliniambia nibadilishe gari, mchungaji aliniambia nisamehe, dada yangu aliniambia niende Kisumu. Hakuna aliyenielewa isipokuwa Njambi, ambaye akipanda gari lile hasemi neno mpaka taa izime.

Wamalwa akaja akijikuna, akauliza wamama wamekata shauri gani, kwa sababu akiagiza ile mpya leo itafika na basi la jioni. Nikafungua mdomo. Warigia akaniwahi. Alisimama, uso umevimba kwa machozi, na sauti aliyoitumia ilikuwa yangu kabisa, ile mbaya.

"Tengeneza kilichoharibika," akamwambia. "Usiongeze kitu. Na ile taa usiiguse."

Wamalwa alininong'oneza kwamba huyu mtoto anafanana na mimi. Akatengeneza. Pistoni mpya, ringi, gasketi, nozeli akazipata huko alikozipata, na jana akatupigia simu.

Leo alfajiri tulipanda wote watatu kwenda Timboroa. Baridi ilikuwa ile ile yetu. Warigia akaingiza ufunguo, akapindua nusu, taa ikawaka manjano. Nilimwona akiitazama. Mikono yake ilikuwa juu ya usukani, na midomo yake ilikuwa inasema kitu bila sauti. Mama yake aliniambia baadaye kwamba alikuwa anasema jina la Joash. Tulingoja. Ilipozima, akawasha.